Nati ndani ya maharage

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga mjini, chai haingoji kiu. Mama mkwe wangu akiamka, birika linapanda jikoni, na kuanzia hapo hadi watu wanapolala halipati nafasi ya kupoa. Amezaliwa milimani Amani, wazazi wake wamechuma majani ya chai kwenye mashamba ya Usambara, na mgeni akiomba maji ya kunywa nyumbani kwake humtazama kwa huruma. Chausiku, kitinda mimba wetu, hakuwa mgeni. Alipofikisha mwaka mmoja alikuwa na kikombe chake cha plastiki chenye masikio mawili, anakaa mapajani kwa bibi yake, wanachovya mandazi kwa zamu. "Mke mwenzangu huyu hana choyo," Bibi husema. "Nikimmiminia nusu, anakunywa nusu, hadai."

Sifa yake nyingine ilikuwa upole. Ukimkalisha mkekani asubuhi, utamkuta hapo hapo. Haliliani na mtu, hagombei kitu, usingizi wa mchana haulizwi. Kaka yake amerithi jina la babu mzaa baba, kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Babu. Huyo alipokuwa na umri huo alikwisha kuiangusha televisheni na kumeza kitufe cha shati. Majirani wakawa wanapita kumtazama Chausiku na kuniambia nimepata mtoto wa kupumzikia.

Nesi wa kliniki hakuvutiwa na upole huo hata kidogo. Tulikwenda kwa ajili ya mizani tu. Yeye akamvuta mtoto kope ya chini, akatazama. Akaufungua mkono wake, akaulinganisha na wangu. "Mama, huyu amepauka," akasema, akamtoboa kidole. Kijimashine kikasoma 9.1. Kwa mtoto wa umri huo, kwenye vipimo vya kliniki zetu, chini ya gramu 11 kwa desilita tayari unaitwa upungufu wa damu. Akapimwa malaria, hakuwa nayo. Akapewa dawa ya minyoo. Kisha nesi akavuta kiti.

"Anakula nini?"

"Kila kitu," nikasema. "Anakula tunachokula."

"Mnachokula ninyi, au mchuzi wa mnachokula ninyi?"

Nikanyamaza. Akauliza kama anakunywa chai. Nikatazama bango la chanjo ukutani. Akauliza kama analamba udongo, na hapo nikakumbuka kona ya ukuta wa uani, plasta ilipobanduka kimo cha goti: palikuwa pametengeneza kishimo laini, chenye unyevu kila jioni hata wakati wa kiangazi. Tulikuwa tukimsingizia mbuzi wa jirani.

Maelezo ya nesi yalikuwa mafupi, maana foleni ilikuwa inafika mlangoni. Mtoto huzaliwa na akiba yake ya madini ya chuma, aliyopewa na mama tumboni, na sehemu nyingine hupita kwenye kitovu dakika zile chache kabla hakijakatwa. Akiba hiyo huishia kwenye miezi 6 hivi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, ingawa hicho kidogo huingia vizuri mwilini. Baada ya hapo chuma lazima kitoke kwenye sahani, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 7 hivi kwa siku. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba hewa, lakini ubongo nao unakitaka, na miaka hii miwili ya kwanza ndiyo unayojijenga kwa kasi. Kwa hiyo upole ule haukuwa tabia. Mtoto alikuwa amechoka. Wala hakuwa peke yake: tafiti za kitaifa za afya hapa Tanzania, ya 2015–16 na ya 2022, zote zimekuta takriban watoto 6 kati ya kila 10 walio chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu. Tulitoka na chupa ya dawa ya chuma, tarehe ya kurudi, na agizo: nyama, maini, dagaa, mboga za majani, maharage, tunda chachu kwenye kila mlo, na chai marufuku.

Usiku ule kiliitishwa kikao cha familia. Bibi hakuchelewa. Dawa ya damu ni matembele, yachemshwe, mtoto anywe maji yake, na huyo nesi alizaliwa juzi. Jirani wa mlango wa pili, ambaye hakualikwa lakini alikuwapo, akasema rozela. Dada anayetusaidia kazi akasema kwao hupewa soda nyeusi iliyochanganywa na maziwa ya kopo. Baba watoto akangoja wote wamalize, akakohoa. "Damu ni nyekundu," akasema. "Bitiruti ni nyekundu. Mambo mengine hayahitaji chuo kikuu."

Kesho yake alirudi kutoka Soko la Mgandini na kiroba cha bitiruti zilizoteremshwa kutoka Lushoto. Akazisaga mwenyewe, kwa mashine, bila kufunga kifuniko vizuri. Dari ya jikoni mpaka leo ina madoa. Chausiku aliipenda juisi ile, kwa kuwa ilitiwa sukari ya kutosha kuozesha meno ya mtaa mzima, akanywa, akaongezewa, akalala.

Saa nane za usiku nikasikia ukelele. Baba watoto alikuwa amesimama na nepi mkononi, amepauka kuliko mwanawe. "Damu! Anatokwa damu!" Kabla sijawasha taa vizuri alikwisha kumfunga mtoto kwenye kanga na kusimamisha bajaji, fulana ameivaa nje ndani. Daktari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile nepi, kisha akaitazama mikono ya baba mtu, nyekundu hadi viwikoni. "Baba, mmekula bitiruti?" Baba watoto akarudi nyumbani kimya, Chausiku akimchezea ndevu.

Habari ya bitiruti ni hii: gramu 100 zake zina chini ya miligramu 1 ya chuma. Ili mtoto apate miligramu zake 7 humo angelazimika kula karibu kilo moja kwa siku, na hata akila, si chote kitakachoingia. Rangi yake ni ya kwake, haina uhusiano wowote na damu. Matembele yana haki zaidi, lakini si yale maji. Anayechemsha majani, akayatupa na kumpa mtoto maji mekundu, chuma kingi amekiacha kwenye chujio. Nilimweleza Bibi hivyo kwa adabu zote. Akasema, "Sawa mwanangu," kwa sauti ambayo wakwe wote duniani wanaijua, na akaendelea kuchemsha.

Ile chupa ya kliniki nayo ilileta yake. Dawa ya chuma huufanya uchafu wa mtoto kuwa mweusi, na ikigusa meno huyatia weusi. Nesi aliniambia, mimi sikumwambia Bibi. Basi baada ya nyekundu ikaja nyeusi, na Bibi akahitimisha kwamba mjukuu wake kafanyiwa kitu. Ubani ukafukizwa. Jirani wa mlango wa pili akatazamwa vibaya. Dada ndiye aliyeipeleka karatasi ya maelezo ya dawa kwa Babu, anayesoma darasa la kwanza kwa kutaja silabi moja moja, naye akamsomea bibi yake sentensi ile kwa muda wa kukoboa pishi ya mpunga: ki-nye-si ki-na-we-za ku-wa che-u-si. Ubani ukazimwa.

Baba watoto akawa anataka chupa ya pili, ya Babu, "kwa kinga". Aliyemzuia si mimi, ni mwenye duka letu, mzee wa Kipemba aliyehamia Tanga zamani kwa jahazi na akaoa hapa hapa. Kisiwani kwao miaka ya mwanzo ya 2000 ulifanyika utafiti mkubwa. Watoto zaidi ya 24,000 walihusishwa, wengine wakapewa vidonge vya chuma na foliki kila siku bila kupimwa kwanza kama wana upungufu. Sehemu hiyo ilisimamishwa 2003 kabla ya wakati, na matokeo yake yakachapishwa 2006 katika jarida la Lancet: waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa hospitalini au kufariki. Malaria ilikuwa nyingi Pemba wakati ule, na chuma kilichomiminwa ghafla kwa mtoto asiyekihitaji kinaonekana kuinufaisha malaria pia. Waliokuwa na upungufu wa kweli, wakapimwa na kutibiwa, dawa iliwafaa. Ndiyo maana nesi alipima malaria kabla ya kutoa chupa, ndiyo maana chandarua ni sehemu ya dawa, na ndiyo maana chupa ya mtoto mmoja haigeuzwi ya nyumba. "Chakula mpe hata kesho kutwa," mzee akamwambia. "Chupa muulize daktari." Chupa yenyewe ikapandishwa juu ya kabati, kwa sababu ni tamu, na mtoto akiinywa yote ni sumu.

Kwa hiyo tukarudi kwenye sahani, na hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanza.

Mtu akinyimwa chupa atatafuta chuma kwingine. Baba watoto alikesha na simu, asubuhi akatangaza habari za Kambodia. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Kanada, Christopher Charles, alikwenda huko kwenye vijiji ambako upungufu wa damu ulikuwa umekithiri, na wazo la kuwapa akina mama kipande cha chuma wakitie kwenye sufuria wakati wa kupika. Wakakitumia kuzuia milango isijifunge. Akakisubu upya kwa umbo la samaki wanayemwona wa bahati, na hapo wakakubali kumtumbukiza. Majaribio ya baadaye hayakupatana: mengine yaliona damu imepanda, mengine hayakuona kitu. Lakini msomaji wetu hakufika mwisho wa habari. Alifika kwenye neno "chuma" akafunga simu.

Jioni ile yalipikwa maharage ya nazi. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari, Dada anakuna nazi, na baba mwenye nyumba akaingia jikoni, jambo ambalo peke yake lilipaswa kutushtua. Alikuwa amepitia gereji ya rafiki yake. Sufuria ilipoinjikwa tena baada ya tui la pili, ndani yake palikuwa na nati tatu, zimesuguliwa kwa mswaki wa zamani. Alinuia kuzitoa kabla ya kupakua. Ikaadhiniwa Magharibi, akaenda msikitini.

Bibi hula taratibu. Huchukua tonge, huligandamiza, huliviringa, ndipo hutia kinywani, na akitafuna hutazama mbele bila kusema na mtu. Tukasikia *kakh*. Akaacha kutafuna. Akatoa kitu kinywani kwa vidole viwili, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakisogeza kwenye taa. Ilikuwa nati, safi, inang'aa, na ukoko wa tui kwenye tundu. Akaigeuza upande wa pili, kana kwamba huko imeandikwa jina la mwenyewe. Baba watoto alikuwa anaangalia sahani yake.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "unajenga nini tumboni mwangu?"

Nati ya pili ilikutwa kwa Babu, aliyekwisha kuitia mfukoni na kukataa kuirudisha. Ya tatu ilipatikana chini ya sufuria. Jino la Bibi la upande wa kushoto lilitikisika wiki nzima, na wiki nzima mwanawe alimnunulia supu. Nati za gereji hupakwa zinki na madini mengine zisishike kutu, na hukaa kwenye grisi na mafuta machafu. Hata zisuguliwe namna gani, si chombo cha kupikia. Jambo hilo alilisoma baadaye, kwa sauti, na mama yake akiwa amesimama nyuma yake.

Ila nati ile ilizaa kitu. Bibi, akiwa bado ameshika shavu, aliingia chumbani kwake, akavuta kutoka uvunguni kikaango cheusi cha chuma, kizito, cha mama yake, kilichofungwa kwenye gazeti tangu tulipohamia sufuria za alumini. "Kama ni chuma mnachotaka," akasema, "mngeniuliza." Na hapo alikuwa na hoja kuliko alivyojua. Ethiopia walifanya utafiti, ukatoka Lancet 1999: watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma kwa mwaka mmoja damu yao ilipanda kwa gramu 1.7 kwa desilita, na waliopikiwa kwenye alumini 0.4. Chakula chenye nyanya, ndimu au ukwaju, kikipikwa muda mrefu, ndicho kinachovuta chuma zaidi kutoka kwenye chombo. Tangu siku hiyo nyanya na mchicha vinakaangwa humo. Kinashika kutu kisipokaushwa na kupakwa mafuta, na hilo ni jukumu la Baba watoto, kwa hukumu isiyo na rufaa.

Sasa nije kwenye kuku.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria za kuku ambazo hazikuandikwa na zilikuwa hazijawahi kuvunjwa. Firigisi na ini vilikuwa vya baba. Paja moja lake, la pili la mgeni, na kama hakuna mgeni linakuwa lake vilevile. Kidari cha Bibi. Mabawa ya Babu. Shingo, mgongo na miguu vilibaki jikoni kwa ajili yangu na Dada. Chausiku alikuwa akipewa mchuzi juu ya wali, kwa kuwa eti hana meno. Meno alikuwa nayo sita, na Babu ana alama zake begani.

Imani ya kwamba nguvu ya kitoweo imo kwenye mchuzi imeenea mno, na sidhani kama kuna imani inayowanyima watoto wetu chuma kuliko hiyo. Mchuzi una chumvi, mafuta, bizari na harufu. Chuma kimebaki ndani ya nyama. Kinachotoka wakati wa kuchemka ni kidogo sana. Ukimpa mtoto mchuzi wa kuku umempa harufu ya kuku. Na ukiangalia ugawaji wetu ule, sehemu zenye chuma kingi zilikuwa zinakwenda kwa mtu mzima mwenye kilo 90 anayehitaji miligramu 8 kwa siku, wakati mwenye kilo 8 anahitaji 7. Ini la kuku lililopikwa lina miligramu 11 hivi kwa gramu 100, la ng'ombe 6 hivi. Ini la kuku mmoja, kipande kile kidogo kinachomezwa kwa tonge moja barazani, kinabeba karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtoto. Tena chuma cha nyama na samaki huingia mwilini kirahisi mara kadhaa kuliko cha majani na nafaka, na kikiwa sahani moja na mboga hukivuta na cha mboga. Halafu chuma chenyewe kilikuwa humu ndani siku zote. Tulikuwa tunakila wengine.

Haya niliyasema kwa maneno, kwa heshima, zaidi ya mara moja. Bibi akajibu kwamba mtoto akizoeshwa vinono atakuwa mdokozi, na Baba watoto akasema tutalifikiria.

Dada hakusema neno. Jumapili moja kuku alipoiva, alitoa ini kwenye sufuria, akaliponda na ubwabwa kwa mgongo wa kijiko, akakamulia ndimu, akamlisha Chausiku uani, chini ya mwembe, mpaka bakuli likabaki na punje. Kisha akapanga sahani ya barazani kama kawaida: paja, paja, firigisi.

Baba watoto alinawa, akasema bismillahi, akaitazama sahani. Akageuza paja moja. Akageuza la pili. Akatazama mlangoni. Bibi, ambaye anajua sahani ya mwanawe kuliko anavyojua kiganja chake, akauliza kwa sauti ya kufika jikoni: "Ini limekwenda wapi?"

"Limekwenda kliniki, Bibi," Dada akajibu.

Kimya kikatanda. Mimi nilijificha nyuma ya madaftari. Kisha nikamsikia Baba watoto akicheka, kwanza kwa pua, halafu kwa kifua kizima, na Babu akacheka bila kujua anacheka nini. Amri iliyotoka barazani mchana ule ndiyo inayofuatwa mpaka sasa: ini la mtoto, firigisi ya baba, na suala la firigisi lisirudiwe tena. Tulikubali. Firigisi ni ngumu kwa meno sita. Maini hayapewi kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha, na siku nyingine nyama ya kusaga, samaki au dagaa.

Dagaa nao wana kisa. Nesi alisema wasagwe. Dada akanunua dagaa mchele, akapepeta mchanga, akawakaanga bila mafuta, akawasaga, na kumimina vijiko viwili kwenye uji wa asubuhi. Nyumba ikanuka kama soko la samaki la Deep Sea saa ya mashua kurudi. Chausiku akaonja, akatutazama mmoja mmoja, akaupeleka uji wote kwenye mkeka. Unga ule ule, kijiko kimoja kwenye mchicha wa nazi wenye ndimu, anakula na kudai. Wenye watoto watanielewa: si kwamba mtoto hataki dagaa, hataki kuudhiwa asubuhi.

Kuhusu uji wenyewe nitasema kidogo, maana najua unauzwa na unapendwa. Shoga yake Bibi alituletea unga wa lishe wenye nafaka na mbegu tisa. Kila nafaka na kila jamii ya kunde inakuja na fitati zake, ambazo hukishika chuma kisiingie mwilini, na kurundika tisa hakuongezi nguvu. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe wamekuwa wakisema hivyo kwa muda mrefu, na hawasikilizwi. Nafaka moja, karanga kidogo, basi. Na ukitumia kimea, au ukiuchachusha uji, fitati hupungua. Bibi kimea anakijua tangu Amani. Huu ndio ushauri pekee wa kliniki alioupokea kwa kusema, "Sisi hatukuwaambia?"

Ikabaki chai. Tanini zilizomo kwenye majani yake hukamatana na chuma cha mboga na nafaka tumboni. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kuondoa zaidi ya nusu ya kile ambacho kingeingia. Maziwa ya ng'ombe nayo, kabla ya mwaka mmoja hayafai kuwa kinywaji cha mtoto, na baada ya hapo yasizidi nusu lita kwa siku, maana hujaza tumbo na chuma hayana. Kumwambia haya mwanamke aliyelelewa kwa chai kulihitaji mjumbe. Tukamtuma Babu.

Sijui walizungumza nini. Alirudi na masharti. Mke mwenzake hatakunywa chai tena mpaka awe mkubwa, lakini kikombe chake kitakuwepo, na kitakuwa na kitu, kwa sababu haiwezekani watu wawili wakae pamoja mmoja akitazama. Kwa hiyo Bibi huchukua chungwa la Muheza, hulimenya kwa kisu kidogo bila kukata ganda, hulikamua kwenye kile kikombe cha masikio mawili, na Chausiku hunywa wakati wa chakula chake. Vitamini C ya chungwa hufanya kinyume cha tanini: hukifungulia njia chuma cha mchicha na maharage. Msimu wa mapera tunatumia mapera, ambayo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Mandazi yanaendelea kuchovywa, sasa kwenye juisi, na ladha yake sitaki kuisimulia. Bibi mwenyewe anakunywa chai yake saa nzima baada ya kula, au anasema hivyo.

Tuliporudi kliniki, dawa ikiwa imemalizwa kwa muda ulioagizwa, kijimashine kilisoma 11.6. Ukuta wa uani umekauka. Upole umekwisha kabisa: mtoto anapanda meza, anamng'ata Babu mchana kweupe, na majirani hawaniletei tena sifa. Kuhusu kilichomponya, nyumba haijaafikiana. Baba watoto anaamini ni kikaango, kwa kuwa ndiye anayekipaka mafuta. Bibi anasema ni matembele. Dada ukimuuliza anasema, "Dawa na ini," na kuendelea na kazi.

Wewe unayegawa kitoweo nyumbani kwako, kabla sahani ya baba haijatoka jikoni, toa kwanza cha mtoto: kipande kidogo cha nyama yenyewe, kipondwe, kikamuliwe ndimu, na chai ingoje. Na kama una mtoto mpole kupita kiasi, anayepauka viganja au kulamba kuta, mpeleke akapimwe kabla hujanunua kitu chochote chekundu. Kipimo ni tone moja la damu, na majibu hutoka ukiwa bado umekaa kwenye benchi.